Mafuta ya pawa stelingi yanapungua kila wiki lakini chini ya gari hakuna tone: nibadilishe pampu?

Mwalimu wa Kirumba

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mwanza. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha ambayo huenda haistahili kutolewa. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1994, chesisi AE100, yenye injini ya 5A-FE ya sisi 1500 na gia za mkono, niliyoinunua miaka tisa iliyopita kwa mtu wa Igoma aliyekuwa akiiendesha kama teksi. Kwa umri wake sina kubwa la kuilalamikia, kwani ilinifikisha kazini hadi nilipostaafu na bado inanipeleka shambani.

Tatizo lilijionyesha mwezi uliopita nilipokuwa naingia kwenye kivuko cha Kamanga. Shamba langu la mihogo liko upande wa Sengerema, na ingawa wengi wameachana na vivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kwa mtu anayekaa Kirumba kuzunguka hadi Usagara ni safari nyingine. Mpanga magari alinitaka nijipenyeze kati ya Fuso lililobeba magunia na ukingo wa kivuko, akawa ananionyesha kwa kiganja nikate kulia, nikate zaidi. Nilikata, na usukani ukagoma katikati kana kwamba kuna mtu ameushika kwa upande wa pili. Pampu ikaanza kuunguruma, injini ikashuka mwendo hadi ikazimika, na magurudumu yakabaki yalipo. Mwishowe kijana mmoja mbeba mizigo alipitisha mikono dirishani tukauzungusha wawili, huku abiria wakitutazama, na baadhi yao niliwafundisha darasa la nne.

Nilipofungua boneti nilikuta kikopo cha mafuta ya usukani kimekauka. Tangu siku hiyo ninajaza karibu robo lita kila wiki, usukani unakuwa mwepesi kwa siku tatu au nne, kisha mlio unarudi, hasa asubuhi na ninapogeuza gari polepole. Nikiwa kwenye mwendo barabara ya Musoma sioni tofauti yoyote. Nimelaza kadibodi chini ya injini usiku mbili mfululizo, na asubuhi nimeikuta kavu. Oili ya injini haipungui, wala maji ya rejeta hayapungui.

Fundi niliyempelekea ametamka kwamba pampu imekufa, na ameniletea bei ya pampu ya mtumba kwa shilingi 180,000 bila kuhesabu ufundi. Nilipomuuliza mafuta yanakwenda wapi, alinijibu kuwa yanaungua kwa joto la pampu. Jibu hilo halikuniingia akilini, lakini mimi ni mwalimu wa jiografia, si fundi. Mwenye ujuzi naomba anisaidie.

Dereva wa Buhongwa

Pole sana Mwalimu. Kwanza pima upepo wa matairi ya mbele, kwa sababu tairi lisilo na upepo wa kutosha hufanya usukani uwe mzito hata kama pampu ni nzima, na hilo ni jambo la dakika tano. Ukikuta upepo uko sawa, ushauri wangu ni kuondoa mkanda wa pampu na kuachana na pawa kabisa. Mimi gari langu linatembea hivyo mwaka wa nne sasa. Mikono huzoea, na huna tena gharama ya mafuta.

Fundi wa Mabatini

Shikamoo Mwalimu. Umeuliza swali ambalo fundi wako alipaswa kujiuliza kabla yako. Mafuta ya pawa stelingi hayaungui ndani ya pampu wala hayapotei hewani. Mfumo ule ni mzunguko uliofungwa: pampu huyavuta kutoka kikoponi, huyasukuma kwa nguvu kupitia mpira wa presha hadi kwenye reki, yaani chombo kinachogeuza magurudumu unapokata usukani, nayo reki huyarudisha kikoponi kupitia mpira mwingine. Yakipungua robo lita kwa wiki kuna mahali yanapotokea, na kazi ya fundi ni kupajua mahali hapo kabla hajataja bei ya kifaa chochote. Pampu kulia si kifo chake. Inalia kwa sababu inameza hewa, na inameza hewa kwa sababu kikopo kimekauka. Ukifunga pampu nyingine kwenye mfumo uleule unaopoteza mafuta, baada ya wiki mbili utakuwa na pampu nyingine inayolia, tena ikiendelea kukimbia bila mafuta itasagika kweli, na hapo fundi wako atakuwa amesema kweli kwa kuchelewa.

Kuna mahali pawili ambapo mafuta haya hupotelea bila kudondoka chini. Pa kwanza ni ndani ya mipira yenye mikunjo iliyo kwenye ncha mbili za reki, pale tairodi zinapoanzia. Sili ya reki ikichoka, mafuta hujikusanya humo ndani, na kwa kuwa mpira umebanwa pande zote mbili hayatoki hadi siku utakapopasuka. Ingia chini ya gari uiminye kwa vidole. Mpira mzima huminyika kwa wepesi na kurudi. Wenye mafuta utausikia mzito, unatikisika kama mfuko wa maziwa.

Pa pili ndipo ninapopatilia shaka zaidi, kwa sababu umesema injini ilizimika ulipokata usukani. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, pampu ya usukani imefungwa valvu ndogo ya chuma yenye pua mbili, kila pua ikiwa imevikwa mpira mwembamba wa upepo. Watu wengi hawaijui kazi yake, na nimewahi kuona mafundi wakiifikiri ni swichi ya umeme. Kazi yake ni hii: gari likiwa limesimama, ukikata usukani pampu huibebesha injini mzigo wa ghafla, na injini ndogo ikiwa kwenye sailensi, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, inaweza kuzidiwa ikazimika. Kwa hiyo presha ya mafuta inapopanda, valvu hufunguka na kuruhusu hewa kidogo ipite pembeni ya throtoli, ule mlango wa hewa unaofunguka unapokanyaga mafuta, injini ikaongeza mwendo kiasi cha kuubeba mzigo ule. Mpira mmoja huchukua hewa kabla ya throtoli, na wa pili huipeleka kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, mahali ambapo injini iliyo kwenye sailensi huvuta kwa nguvu muda wote.

Sasa kinachotenganisha mafuta na hewa ndani ya valvu hiyo ni kizuizi kidogo tu, na cha gari lako kina umri wa zaidi ya miaka 30. Kikichoka, injini huyanyonya mafuta ya usukani kama mtoto anyonyavyo soda kwa mrija, ikayachoma pamoja na petroli. Chini ya gari hutaona tone kwa sababu mafuta yanatokea kwenye bomba la moshi. Kwa hiyo nakuuliza: je, gari lako linatoa moshi mweupe mzito, hasa unapoliwasha asubuhi au ukishamaliza kukata kona za polepole?

Usinijibu kwa kukisia. Zima injini, iache ipoe, kisha ichomoe mipira hiyo miwili kwenye valvu, mmoja baada ya mwingine, ukiweka alama upi ulikuwa wapi. Ndani inatakiwa iwe mikavu, labda na vumbi kidogo la oili nyeusi. Ukikuta mafuta mekundu kwenye ule unaokwenda manifoldi, tumemaliza ubishi.

Ndugu yangu wa Buhongwa, shauri lako si la kumpa kila mtu. Kuna injini ambazo mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji au altaneta, na mtu akiuondoa bila kujua atachemsha injini kabla hajafika Nyegezi. Hata pale ambapo mkanda ni wa pampu ya usukani peke yake, reki ya pawa isiyo na msaada ni nzito kuliko reki iliyotengenezwa tangu mwanzo bila pawa, na Mwalimu ameshatuambia kilichompata kivukoni. Zaidi ya hayo, kama hitilafu ni valvu, mkanda ukiondolewa injini itaendelea kuyanyonya mafuta yaliyomo hadi yaishe.

Mama wa Ilemela

Naomba niulize jambo kabla Mwalimu hajarudi: mafuta unayojazia ni yapi, na yana rangi gani? Ninauliza kwa sababu mimi niliingia hasara kwa mlango huo. Miaka mitatu iliyopita usukani wa gari langu ulikuwa mzito kidogo, nikaingia gereji moja njiani, ambayo sitaitaja, na kijana akanijazia chupa nzima ya mafuta ya breki akiniambia kwamba haidroliki zote ni ndugu. Kwa wiki mbili usukani ulikuwa mwepesi hata nikamsifu. Wiki ya tatu reki ilianza kuvuja pande zote mbili, pampu ikavuja kwenye shafti, na mpira wa kurudishia mafuta ukalainika kama ubani uliotafunwa. Nilibadilisha reki, pampu na mipira, yaani mfumo mzima, kwa sababu ya chupa ndogo ambayo bei yake ni ya chakula cha mchana.

Fundi aliyenitengenezea alinieleza kwamba mafuta ya breki hutengenezwa kwa glaikoli, na sili za pawa stelingi zimeundwa kukaa kwenye mafuta yatokanayo na petroli ghafi, hivyo zikikutana na glaikoli huvimba na kuharibika. Kosa la upande wa pili ndilo baya zaidi, kwani ukiweka mafuta ya usukani kwenye breki, sili za breki ndizo zinazovimba, na hapo hatuzungumzii tena usukani mzito bali gari lisilosimama kwenye mteremko wa Bugando. Tangu hapo faneli ya breki nyumbani kwangu haigusi kitu kingine.

Fundi wa Mabatini

Mama umesema neno. Niongeze tu kwamba kwa Corolla ile kinachotakiwa ni ATF ya daraja la Dexron II au III, yale mafuta mekundu ya gia za otomatiki. Si kila gari ni hivyo. Honda wana mafuta yao ya usukani, na magari mengi madogo ya siku hizi hayana mafuta kabisa, usukani unasaidiwa na mota ya umeme. Kizibo cha kikopo huwa kimeandikwa, kwa hiyo kifute vumbi ukisome.

Mwalimu wa Kirumba

Nawashukuru wote, nami nimerudi na majibu. Mama, mafuta ninayojazia ni ATF nyekundu, ingawa yaliyomo kikoponi yamekuwa ya kahawia na yananuka kama mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa. Ndugu wa Buhongwa, matairi yalikuwa na upepo wa kutosha.

Kuhusu moshi, nakiri kwamba sikuutaja kwa sababu sikudhani unahusiana na usukani. Kwa karibu miezi miwili mke wangu amekuwa akilalamika kwamba kila ninapowasha gari asubuhi nguo alizoanika zinanuka, nami nikamjibu kwamba gari zee lazima litoe moshi. Leo nimesimama nyuma ya gari akiwa yeye ndiye anayeliwasha. Ulitoka moshi mweupe mzito uliofunika ukuta wa jirani, ukadumu dakika moja hivi, ukapungua, kisha nilipomwomba akate usukani mara mbili ukarudi.

Nimeiminya mipira ya reki nikaikuta milaini na myepesi. Valvu nimeiona, imejificha upande wa ndani wa pampu na nililazimika kutumia kioo cha kunyolea ndevu ili kuzitambua pua zake. Mpira wa kwanza ulikuwa mkavu. Wa pili nilipouchomoa na kuuinamisha, tone jekundu lilining'inia kwenye ncha yake, likadondoka juu ya kiatu changu, likafuatiwa na mengine manne. Nadhani ubishi umekwisha, kama ulivyosema Fundi. Sasa nifanye nini, na je, ninaweza kuliendesha gari wakati natafuta kipuri?

Fundi wa Mabatini

Hongera Mwalimu, umefanya kazi ya fundi kwa kioo cha kunyolea. Kwa dharura unaweza kuiziba mipira yote miwili kwenye ncha zake za upande wa injini, kwa bolti inayokaza vizuri na klipu juu yake. Usiuache wazi ule wa manifoldi, kwa sababu injini itavuta hewa isiyopimwa na sailensi itapanda na kushuka hovyo. Ukishaziba, moshi utakoma, lakini mafuta machache yanaweza kuanza kutokea nje kupitia pua za valvu, kwa hiyo angalia kikopo kila siku. Pia unapoegesha ongeza mafuta kidogo kwa mguu wakati unakata usukani, maana injini haina tena msaada wake na inaweza kuzimika kama kivukoni.

Kwa matengenezo ya kudumu, usinunue pampu. Nunua valvu peke yake kutoka kwenye pampu ya mtumba iliyovunjika mahali pengine, kwani wauza spea huwa nazo na mara nyingi hawajui zina kazi gani, jambo ambalo husaidia kwenye bei. Kabla ya kulipa, puliza kwa mdomo kwenye pua moja: ikiwa haina presha ya mafuta, hewa haitakiwi kupita kwenda pua ya pili. Tazama pia ndani ya pua kama kuna unyevu wa mafuta, na ukiuona, irudishe mezani. Fungua ya zamani kwa spana inayokaa sawasawa, safisha mahali pake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, funga nyingine kwa mkono kwanza, kisha kaza bila kulazimisha, kwa sababu mwili wa pampu ukiharibika nyuzi za kukazia ndipo utakapoinunua kweli. Mipira myembamba ibadilishe yote miwili, maana imelowa mafuta ndani na haitadumu.

Kwa kuwa mafuta yako yamekuwa ya kahawia, tumia nafasi hiyo kuyabadilisha. Chomoa mpira wa kurudishia kikoponi, uelekeze kwenye chupa, ziba pua ya kikopo iliyobaki wazi, kisha mtu akate usukani taratibu huku wewe unaongeza ATF mpya hadi yanayotoka yawe mekundu. Lita mbili zinatosha.

Kutoa hewa ndipo wengi wanapokosea. Inua magurudumu ya mbele, weka stendi, na uzuie ya nyuma kwa mawe, ambayo Mwanza hayajawahi kuadimika. Injini ikiwa imezimwa, kata usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mara 10 au zaidi, ukiongeza mafuta kila kikopo kinaposhuka. Halafu washa injini urudie, lakini usiushikilie usukani mwisho kwa zaidi ya sekunde mbili au tatu, kwa sababu pale presha inakuwa kwenye kilele chake na mafuta hupata moto haraka. Ukiona povu kikoponi, zima, kanywe chai, urudi. Mwisho, tazama kiwango cha mafuta injini ikiwa inazunguka, kisha izime na utazame tena. Kikipanda zaidi ya milimita 5 baada ya kuzima, bado kuna hewa ndani, na kazi haijaisha.

Dereva wa Buhongwa

Fundi, nimekuelewa na nimenyamaza. Ila nimekwenda kuangalia pampu yangu isiyo na mkanda, nikakuta ile mipira miwili bado imeunganishwa. Je, nayo niizibe?

Fundi wa Mabatini

Ichomoe kwanza uitazame, kaka. Ikiwa mikavu, iache. Ikiwa imelowa, ziba, halafu siku ukipita Mabatini nione hiyo pampu kabla hujaitupa. Inawezekana umetembea miaka minne kwa mikono bila sababu.

Mwalimu wa Kirumba

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tatu. Valvu niliipata kwa shilingi 25,000 kwa muuza spea aliyeitoa kwenye pampu yenye puli iliyopinda, na kijana wa jirani alinisaidia kuifunga na kutoa hewa, kazi iliyotuchukua mchana mzima kwa sababu mara ya kwanza kiwango kilipanda karibu sentimita nzima tulipozima injini na ikabidi turudie. Moshi haukukoma siku ileile, jambo lililonitia hofu, lakini siku ya tatu ulikwisha kabisa, nami nadhani yalikuwa mabaki yaliyokuwa kwenye manifoldi na bomba. Plagi nilizifungua nikazikuta zimeshika utando mweupe, nikazisafisha na kuzirudisha.

Nilichora mstari kwenye kikopo kwa rangi ya kucha ya binti yangu, kwa sababu alama za kiwandani za moto na baridi zilishafutika. Nimevuka Kamanga mara mbili tangu hapo, na leo asubuhi injini ikiwa ya baridi mafuta yako palepale kwenye mstari. Limebaki jambo moja: nikikata usukani hadi mwisho nasikia mlio mkali mfupi, wa juu, usiofanana na ule mngurumo wa zamani.

Fundi wa Mabatini

Huo ni mkanda unateleza, Mwalimu. Umemwagikiwa mafuta mlipokuwa mnachomoa mpira. Ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni pamoja na njia zake kwenye puli, ukauke, kisha uukaze. Ukiendelea kulia baada ya hapo, mafuta yameshaingia ndani ya mpira wake, nunua mwingine.